Siku Manesi Walipoulizwa Habari za Kompyuta

Baba yangu alikuwa kibarua wa chai kule Bulwa. Siku moja akanipeleka kiwandani nione mashine ya kusokota majani. Sakafu ilitetemeka mpaka nikaisikia kwenye meno. Baba alivua kofia, kama yumo kanisani. Nikadhani basi, sitaona tena kitu cha kuvuliwa kofia.

Shule niliacha darasa la pili. Uhuru ulinikuta mhudumu wa wodi, hospitali moja huku juu Lushoto. Siku ya kwanza Sista Mkuu alinipa ndoo, akasema, "Wodi hii ina mdomo mmoja. Wangu." Haikunishangaza. Kwetu Wasambaa mkubwa akishamjibu mgeni, mdogo haongezi neno.

Wakati wa Ujamaa akaja bwana wa wizara kutoka Dar es Salaam. Ametumwa kupima manesi wana uzoefu na ujuzi gani wa kompyuta. Atakayefaa ataondoka naye akasomee. Nesi Shemboza, mchemshaji wetu wa sirinji (enzi hizo hazikutupwa, zilichemshwa zikatumika tena), aliitaka nafasi ile kuliko wote.

"Nani amewahi kuona kompyuta?"

"Hatujaiona," akajibu Sista Mkuu.

Bwana akamwuliza kila nesi.

"Kama alivyosema mama."

"Kama alivyosema mama."

"Mnajibu au mnaitikia sala?" Akafunga mkoba.

Shemboza akatoka mstarini, akainama mbele ya Sista Mkuu, si mbele ya mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si umeniamkia asubuhi?"

"Naomba kusema. Mimi nimeiona."

Aliiona Dar, alipokuwa masomoni. Imejaza chumba kizima kama wodi yetu, baridi kama kule Rangwi milimani mwezi wa Julai. Wanailisha kadi zenye matundu, nayo kufumba na kufumbua imehesabu wagonjwa wa mkoa mzima. Nikakuta kofia yangu iko mkononi, sijui niliivua saa ngapi.

"Na ujuzi?" bwana akauliza.

"Nilichungulia mlangoni tu, bwana. Wakanifukuza."

Wote wakacheka, isipokuwa Sista Mkuu.

"Miaka yote hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama."

Sista Mkuu akamtazama sana. "Nenda. Safari hii usichungulie. Ingia."

Sasa nimestaafu. Zahanati ya kwetu ina kompyuta mezani, nesi anaibonyeza huku anatafuna karanga. Mimi nikifika pale bado navua kofia, wananicheka.

Siku ile Shemboza alikuwa ameshabandika sirinji jikoni. Akavua koti jeupe, akalitundika, akateremka na yule bwana njia ya Soni. Hakugeuka, wala hakurudi tena. Maji yalipochemka, niliziipua mimi.