Amplifaya ya tundu mbili

Leo nimelia ndani ya duka la vyombo vya muziki Kitale. Msicheke.

Nilienda kuchagua amplifaya ya gitaa, ya ukumbi wa kanisa letu kule Bungoma.

Nikajaribu moja iko na tundu mbili za kuchomeka gitaa, za wapigaji wawili. Sauti tamu, bana! Nikapiga ridhimu, nikairudia mara nne, halafu nikainua macho kama kawaida ili ndugu yangu Wafula aingie na solo.

Kimya.

Wafula tulimzika mwezi jana. Mikono yangu ndiyo ilisahau.

Mwenye duka akaniletea nyingine, ya tundu moja. "Chukua hii, ukumbi wenu itajaza tu. Si uko peke yako?"

Hapo ndio nikalia.

Nimerudi na ya tundu mbili. Nyinyi mngechukua gani?