Mchwa Chini ya Nguzo Yangu

Nilipokuwa mtoto, uhai wangu ulikuwa umefukiwa nyuma ya nyumba, chini ya nguzo ya kona ya banda la kazi la papa, yaani baba yangu, na nilijua hivyo kama watoto wengine walivyojua njia ya kwenda sokoni. Bibi ndiye aliyenionyesha. Alinishika mkono, akanipeleka bandani, akaikanyaga ile ardhi kwa kisigino na kusema, "Weye uko hapa." Sikuona ajabu yoyote. Mtoto akiambiwa na mtu mzima kwamba yuko mahali fulani, basi yuko.

Papa alikuwa seremala. Tuliishi Kabondo, hapa Kisangani, miaka ile ya Zaire ambapo kila mtu mzima aliitwa citoyen, yaani raia, na sisi watoto tuliimba na kucheza mbele ya bendera kabla ya kuingia darasani. Kwetu asili ni Maniema, na bibi, mama yake papa, alikuwa wa mwisho katika nyumba yetu kukubali kwamba haturudi tena huko. Kabla yangu mama alikuwa amezaa watoto wawili, akawazika wote wawili kabla hawajaanza kutambaa. Nilipozaliwa mimi, bibi alisema kuna kitu kinachowajua watoto wa nyumba hii kwa majina yao mazuri. Kwa hiyo jina zuri nikanyimwa. Niliitwa Maranda, yaani yale makapi ya mbao yanayotoka kwenye randa na kufagiliwa jioni. Na kitovu changu kilipodondoka, bibi alikifunga kwenye kitambaa, akakitia kwenye kopo la nyanya, akakifukia bandani chini ya nguzo, penye takataka za kazi, mahali ambapo hicho kitu kisingefikiria kumtafuta mtoto.

Wenzangu kazini wakisikia habari ya jina langu hucheka, nami hucheka pamoja nao. Lakini siku zile sikulionea haya hata kidogo. Nililala vizuri, nikala vizuri, nikapanda miembe ya majirani bila woga, maana mimi sikuwa juu ya mwembe. Nilikuwa chini ya nguzo, salama salimini.

Nilikuwa darasa la nne mchwa walipokuja. Walianza kwa adabu, kijia kimoja chembamba cha udongo kikipanda ile nguzo ya kona. Papa alikifuta kwa kiatu. Kesho yake kilikuwa kimerudi, kipana zaidi. Baadaye papa alishika ubao wa limba aliokuwa ameuweka ukauke kwa ajili ya kabati la mteja, akaubonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikazama mpaka ndani. Nje ubao ulikuwa mzima kabisa. Ndani hakukuwa na kitu. Nakumbuka alivyoutazama ule ubao, kisha akaanza kubonyeza mbao nyingine, moja baada ya nyingine.

Alimwaga petroli ya taa. Akaomba mafuta machafu ya injini kwa dereva mmoja rafiki yake, akapaka nguzo zote mpaka banda zima likanuka gari bovu. Mama naye akaleta majivu na maji ya moto. Mchwa walihama kidogo tu pembeni, wakaendelea na shughuli zao. Seremala yeyote anajua kwamba kupaka na kumwagia ni kujifariji tu. Dawa ni kuchimba kiota chenyewe, kumtoa malkia wao, na kumaliza ukoo. Jioni moja papa akaja na jembe.

Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaenda kusimama pale alipokifukia kitovu changu.

"Saidi," alimwambia papa, "ukichimba hapa, unachimba mutoto."

"Mama, hii iko muchwa tu. Banda inaanguka."

"Banda utajenga ingine. Batoto ulishazika wawili. Miye sitaki kuona wa tatu."

Ni lazima mjue papa alikuwa mtu wa namna gani. Alipiga mluzi jioni makusudi ili awakere wale waliosema mluzi unaita nyoka. Alichonga majeneza ya watu ambao mtaa mzima ulinong'ona kwamba wamelogwa, kisha akanawa mikono na kula. Mambo yote ya namna hiyo aliyaita hadithi za wavivu. Basi jioni ile nilitegemea acheke, amsogeze mama yake taratibu kwa bega, aanze kazi. Alinitazama mimi niliyekuwa mlangoni nikitafuna muwa. Akamtazama bibi. Kisha akaliegemeza jembe ukutani, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo banda likawa la mchwa. Papa alizitoa nje mbao zilizobaki akazifunika kwa turubai, mvua ikazipata hivyo hivyo, zikapinda. Wateja wakaanza kupita mbali. Yeye aliyekuwa na vijana wawili wa kufundisha kazi akaenda kuwa kibarua kwenye karakana ya mtu mwingine, akirudi jioni na uso wa mtu aliyekatazwa kusema. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, bila samaki, na wakati mwingine bila mafuta ya kutosha. Halafu kijia cha udongo kikatokea kwenye fremu ya mlango wa nyumba. Nilimsikia mama akimwambia papa, "Alors, chimba basi." Papa akamjibu, "Chimba weye." Hakuna aliyechimba.

Na hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kama mmoja wao angenipigia kelele, ningelia yakaisha. Badala yake walinitazama kwa upole, na mimi upole ule niliuchukia.

Nilikuwa mtoto mkaidi. Bibi mwenyewe alisema kichwa changu kilichongwa kwenye mti mgumu. Nikaanza kuwaza, na mawazo yangu yalikwenda hivi: Bibi anasema niko chini ya nguzo. Mchwa nao wako chini ya nguzo. Mchwa hawachagui, wanakula limba, wanakula magunia, wanakula hata ndala za mama. Basi wananila mimi. Nilijipapasa mbavu, nikajibonyeza mkono kwa kidole gumba kama papa alivyoubonyeza ubao, kuona kama kidole kitazama. Hakikuzama, lakini ubao nao kwa nje ulikuwa mzima. Nikaamua kwamba kuliko kuliwa polepole nikiwa nimekaa, afadhali nichimbwe. Na kama hakuna mtu mzima mwenye moyo wa kunichimba, nitajichimba mwenyewe.

Jumamosi kulikuwa na salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa. Papa na mama walitoka na mapanga kwenda kufyeka majani kando ya barabara pamoja na watu wote wa avenue yetu. Mimi niliachwa na bibi kwa sababu ya goti lake. Alipojilaza kwenye mkeka, nilikwenda moja kwa moja bandani, nikachukua jembe, na kulipiga kwenye ardhi ileile aliyonionyesha kwa kisigino chake. Niliogopa, sisemi uongo. Kila pigo nilisubiri kuona ni wapi patauma mwilini. Hapakuuma, nikaendelea.

Bibi aliusikia mlio. Alikuja akichechemea, mkono mmoja ukishika ukuta.

"Maranda! Acha! Uko najiua!"

"Bibi, si ulisema niko hapa?"

"Uko hapo, ndiyo!"

"Na muchwa iko hapa pia. Basi banakula nani?"

Bibi aliketi kwenye benchi la papa la kurandia, akanitazama, kisha akalitazama lile shimo dogo nililolianzisha, na mchwa waliokuwa wakihangaika ndani yake. Nikajua anayapima maneno yangu kwa uzito wote, kwa sababu yeye aliamini kwamba niko mle. Kwa papa swali langu lingekuwa utani. Kwa bibi halikuwa utani hata kidogo.

Akavua ndala. Akakaza kikwembe chake kiunoni.

"Leta jembe."

"Nachimba miye, Bibi."

"Leta, nasema. Weye panda juu ya ule ubao, miguu isiguse chini. Ni miye nilikuzika hapa, ni miye nitakutoa. Kama kuko wa kuuliza nani alichimba, aulize miye."

Nikapanda juu ya ubao. Bibi akachimba. Goti lilimsumbua, akapiga lingine chini na kuchimba akiwa nusu amepiga magoti. Wale mchwa wakubwa wenye vichwa vyekundu wakatoka kupigana, wakamng'ata vidole vya miguu mpaka damu, naye hakusimama hata kujifuta. Nilitaka kushuka nimsaidie. Kila nilipoinua mguu alinikazia macho, nikaurudisha.

Kopo lilitoka kabla ya malkia. Lilikuwa limelika kwa kutu, likavunjika mkononi mwake. Ndani hamkuwa na kitambaa wala kitovu, ila udongo mwekundu tu, umeshindiliwa vizuri. Bibi aliusambaza kiganjani kwa kidole, akitafuta.

"Balishakumaliza zamani," alisema polepole.

Akainua uso akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, mimi niliyesimama juu ya ubao na miguu yangu minene. Nilidhani atacheka. Papa angecheka mpaka mtaa wa pili. Bibi aliumimina ule udongo kwenye ncha ya kikwembe chake, akafunga fundo, akalichomeka kiunoni. "Sasa uko hapa," akasema, akigusa fundo. Kisha akarudi shimoni, maana malkia alikuwa bado.

Papa na mama waliporudi walimkuta ameingia mpaka mapajani. Papa aliruka kumpokea jembe.

"Weye ulikataa," bibi alimwambia. "Kaa."

Alimruhusu tu mwishoni, kulivunja lile donge gumu ambalo ndani yake malkia huishi. Malkia alikuwa mweupe, mnene kuliko kidole gumba cha papa, akipumua taratibu. Bibi alimchukua kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya kumtupa, aliinama akasema na shimo, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani mgomvi: "Muliona. Ni miye nilifanya. Mutoto alikuwa juu ya ubao." Kisha akamrusha uani. Kuku mmoja alimmeza palepale bila kuuliza habari za mtu.

Papa alibadilisha nguzo, akafukia shimo kwa majivu na mawe. Mchwa hawakurudi. Mbao zikaingia tena bandani, wateja nao, na samaki kwenye sombe.

Wiki ileile nilishikwa na homa. Nilikuwa natetemeka kitandani nikamsikia bibi bandani akikanyaga ardhi na kufoka, "Nilisema miye! Hamusikie? Miye!" Papa alinipakia kwenye baiskeli mpaka dispensari, nikapewa vidonge vichungu vya nivaquine, nikapona kama watoto wengi wa mji huu wenye mbu wanavyopona. Mvua kubwa zilipokuja, bibi naye akaanza kukohoa. Alikubali kwenda hospitali, akameza kila dawa aliyopewa, hakumbishia mtu. Siku moja nilipompelekea uji alinishika mkono na kuniambia, karibu kwa furaha, "Unaona? Baliuliza miye, si weye."

Alikufa mvua zikiwa bado. Wanawake waliomwosha walilifungua lile fundo, wakampa papa udongo. Aliupokea kwa mikono miwili, akasimama nao uani, akigeuka huku na huku. Sijui aliuweka wapi. Sikuwahi kumuuliza.

Mimi leo ni muuguzi. Kifua kilichomuua bibi nakijua kwa jina lake, na nimekiona kikiwaua wazee wengi ambao hawakuchimba chochote. Kitovu kilichofukiwa ni kitovu kilichofukiwa. Nikiwa kijana nilifikiri kisa hiki kinamhusu bibi aliyeshindwa na swali la mtoto, na nilikisimulia hivyo, watu wakacheka. Ilinichukua muda mrefu kumwona papa ndani yake, mtu asiyeamini kitu, akiegemeza jembe ukutani kwa hofu. Na kumwona bibi, aliyeamini kila neno alilosema, ambaye kwake kulipiga jembe pale ilikuwa kukiita kifo kije kwake mwenyewe, akivua ndala.

Miaka kadhaa iliyopita binti yangu wa mwisho aliugua malaria ikampanda kichwani. Nilifanya yote ninayoyajua. Nilitafuta mshipa, nilipanga matone ya serumu, nilimgeuza, nilimpima joto, mpaka hapakubaki la kufanya. Nikasimama pale kando ya kitanda nikiwa tayari kabisa kwenda badala yake, sikuwa na shaka hata chembe. Nikageuka nitafute wa kumwambia hivyo, na mbele yangu palikuwa na ukuta uliopakwa chokaa. Binti yangu alipona. Lakini asubuhi ile nilimwonea wivu bibi, aliyekuwa na shimo la kuliambia.