Mdogo Mpaka Siku Atakuwa Mzee

Wacheni niwaambie hii, maana hata leo nikiikumbuka niko peke yangu jikoni, nacheka mpaka chai inamwagika.

Kitinda mimba wangu alizaliwa na hali ya akili kukua polepole. Kusoma ilimkataa, lakini mpe nguo akunje! Shuka anaikunja pembe kwa pembe, utadhani imetoka dukani. Tukasikia kuna ofisi huko tao, katikati ya jiji, inatafutia watu kama yeye kazi, na hoteli moja ya mtaa wa Karen inataka wakunja shuka. Shida ni miaka: wanachukua kutoka kumi na nane, na ukifikisha tu thelathini na tano wamekufungia mlango. Yeye alikuwa amebakisha siku nne. Tukatoka Riruta asubuhi, tumevaa nguo za kanisa.

Kijana wa ofisi akasoma ripoti ya daktari, akakunja uso.

"Shosho," akaniita kama nyanya yake, "huyu hatuwezi. Ni mdogo sana."

"Mdogo? Na mimi nilikuwa naogopa amezeeka!"

"Daktari ameandika akili yake ni ya miaka minane. Tukimpeleka kazi, hiyo ni kuajiri mtoto. Tutafungwa."

Nikamwangalia msichana wangu. Ako na mvi hapa mbele. "Na hii mvi, kijana, ni ya darasa la pili?"

"Mimi nafuata makaratasi, shosho. Mrudishe akifika kumi na nane."

"Yaani miaka kumi? Si atakuwa na arobaini na nne!"

"Hapo sasa atakuwa amepita umri."

"Kwa hivyo ni mdogo mpaka siku atakuwa mzee?"

Akafikiria, haki ya Mungu akafikiria kabisa. "Ndiyo," akasema.

Msichana wangu naye akafungua mkoba, akaweka kitambulisho mezani, pap!

"Mimi nilipiga kura," akasema. "Nikapakwa wino. Hapa." Akamwonyesha kidole.

Kijana akashtuka. "Nani alimruhusu?"

"Serikali," nikamjibu. "Sasa andika hapo serikali ilipigisha mtoto wa miaka minane kura, halafu uweke sahihi yako."

Kalamu ikamtoka mkononi. Akakimbia kuita mkubwa wake, mama mmoja wa miwani, mpole. Huyo aliuliza swali moja tu: "Kwani kitambulisho inasema amezaliwa lini?" Akasoma, akagonga muhuri. Ikabaki kuweka sahihi. Nikanyoosha mkono nichukue kalamu, msichana wangu akaninyang'anya.

"Mum, keti. Kazi ni yangu."

Akaandika jina lake kwa herufi kubwa kubwa, zikaruka mstari, zikapanda mpaka juu ya muhuri wa yule mama.

Jumatatu nikaamka mapema nimpeleke Karen. Akanisimamisha mlangoni, akaniambia watu wa kazi hawaletwangi na mama zao. Akaenda. Mimi nikabaki hapo na kiatu mguu mmoja.