Mlango Uliosimama Sebuleni

Sebuleni kwa Mama Kampeni kuna mlango usio na ukuta. Umesimama katikati ya zulia na fremu yake, kitasa na komeo, umeegemezwa kochi kama mgonjwa. Mumewe, seremala, alimtengenezea mteja aliyeingia mitini. Mkewe akauona, akasema, "Huu wangu, nitafundishia."

Maana ndiyo kazi yake: kuwanoa watu wanaogombea udiwani kwa mara ya kwanza. Yeye mwenyewe aligombea mara mbili, akabwagwa mara mbili. Ukimuuliza ualimu kaupata wapi, anakujibu, "Walioshinda wana muda wa kufundisha?"

Mwanafunzi hubisha hodi upande wa televisheni. Upande wa jikoni hukaa mume, akiigiza mpiga kura mwenye gubu, kazi ambayo hakuihitajia mazoezi.

Jioni hiyo zamu ilikuwa ya fundi cherehani wa mtaani, mama mcheshi anayependwa na kila mtu hadi siku ya kuchukua nguo. Kampeni zilikuwa zinaanza kesho yake asubuhi, na alishaapa: asipouvuka mlango huu leo, anajitoa, anarudi kwenye cherehani yake.

"Hodi!"

"Nani tena?" mume akanguruma. "Mtaro wa sokoni unanuka. Utazibuliwa lini?"

"Ijumaa, shemeji."

Mama Kampeni akajishika kichwa. "Mwenzangu, ule ni mtaro au gauni?"

"Ulimi umeteleza."

"Bisha upya."

Akabisha. Taa za barabarani? Ijumaa. Zahanati? Ijumaa, ila jioni. Miaka yote ya kutuliza wateja ilikuwa imemganda ulimini. Ukisikia "lini" tu, ulimi unajibu wenyewe. Fundi akajibwaga kwenye kochi, mlango ukayumba, machozi yakimlengalenga.

"Sasa nikisema sijui, si watanifungia mlango?"

"Dada, mtaa mzima una nguo kwako. Ijumaa zako wanazijua. Hiyo 'sijui' ndiyo hawajawahi kuisikia, watakupa pole wakidhani unaumwa. Inuka."

Akainuka, akabisha.

"Mtaro lini?"

"Ij..." Fundi akaumeza mwisho wa neno. "Sijui, shemeji. Diwani mmoja hapangi tarehe peke yake. Ila kila kikao nitausema mpaka wanichoke. Naomba kura yako."

Komeo likalia. Mlango ukafunguka nusu. Mama Kampeni alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele, mumewe akainua mkono.

"Bado. Suruali yangu ya harusi ya binti yetu, lini?"

Fundi akatazama zulia, akatazama dirisha kama mtu anayepima kama atapita.

"Hata kitambaa sijakikata, shemeji."

Mume akaufungua mlango wote, akampa mkono.

"Kura umepata. Kitambaa nakifuata kesho asubuhi, nampelekea fundi mwingine."

"Kesho asubuhi nitakuwa kwenye kampeni," fundi akasema, uso umemchangamka. "Wewe njoo Ij..."

Mama Kampeni akamziba mdomo kwa kiganja.