Kichwa cha Nyati Ofisini

Mumewe alikuwa askari wa hifadhi ya wanyama. Nyati alimuua mchana kweupe, kwenye matete kando ya mto, na wenzake wakampiga nyati huyo risasi. Shirika la kanda linalotunza hifadhi lilimzika marehemu kwa heshima, kisha likampa mjane kazi ya usafi makao makuu. Watu wakasema shirika lina utu.

Siku ya kwanza kazini akakutana na kichwa cha nyati yuleyule. Kilikuwa kimekaushwa, kikatiwa macho ya kioo na kutundikwa ukutani mapokezi. Katibu muhtasi alimkabidhi kitambaa na ngazi.

"Mama, vumbi linapenda kukaa puani," alimwambia. "Usitumie maji, kitaoza."

Akapanda. Alifuta pembe ya kwanza, akafuta na ya pili, akijiuliza ni ipi iliyomchoma mumewe.

"Acha kazi, utarukwa na akili," dada wa marehemu alimwambia nyumbani.

"Na watoto wa kaka yako niwapikie machozi, wifi?"

Wifi akajipakulia chakula. Naye alikuwa anakula kwenye sufuria hiyohiyo.

Wafadhili wakija, meneja humwita. "Mama, hebu njoo kidogo." Humsimamisha chini ya kichwa akiwa na aproni yake, akawasimulia wageni jinsi askari alivyochomwa pembe na kukanyagwa, mkono ukionyesha mara ukutani, mara kwa mjane. Wageni hupiga picha. Yeye hurudi kwenye ndoo yake.

Siku moja mgeni mmoja, mama wa makamo, alikitazama kichwa hadi machozi yakamlengalenga. Mjane akadhani leo amepata mtu wa kumlilia mumewe.

"Maskini," mgeni akasema. "Walikuwa na haja gani ya kumuua? Mnyama hajui alitendalo."

Meneja aliona haya, akaomba radhi mara chungu nzima.

Asubuhi iliyofuata ukuta wa mapokezi ulikuwa mtupu. Mjane alishusha pumzi, akaingia jikoni kuchemsha chai ya ofisi. Kichwa kilikuwa humo, juu ya sinki, kikimtazama.

"Kule kinawaumiza wageni," meneja alisema akichukua kikombe chake. "Huku hakimsumbui mtu."

"Sawa, bosi."

Jioni alimwambia wifi yake kwamba kichwa kimeondolewa mapokezi.

"Afadhali," wifi akasema. "Kumbe wana huruma."

Mjane akaendelea kumenya vitunguu. Hakumwambia kimehamia wapi.