Mashine Iliyokataa Kuzimwa

Katika nyumba ya Mkutubi hakuna mlango unaogonga. Bawaba hutiwa mafuta kila mwezi, viti vimevishwa vitambaa miguuni, na birika la filimbi walipewa majirani kitambo. Sababu ni mkewe, muuguzi wa zamu ya usiku, ambaye hulala mchana tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Watoto walilelewa kwa minong'ono, wakakua, wakaondoka wakiaga kwa minong'ono. Mkutubi mwenyewe hakuona tabu. Kule maktaba wasomaji walikuwa wamembandika jina la Bwana Shii, naye alilichukulia kama cheo.

Desturi kuu ya nyumba hiyo ilihusu gari. Nyumba ipo mwisho wa mteremko. Kwa miaka ishirini na miwili Mkutubi alikuwa akizima injini ya kigari chake juu kabisa, penye duka la vioo, kisha akiteleza kimyakimya mpaka uani, kama paka aliyerudi na jambo la kuficha.

Kisha Mama Mkwe akaja kuishi nao. Alikuwa ameendesha mashine ya kusaga nafaka miaka thelathini na mitano. Mashine ilimchukulia masikio, nyonga ikamchukulia miguu. Kiti chake cha magurudumu hakikuingia kwenye kigari hata kwa maombi. Ndipo ikanunuliwa stesheni wagoni ya mkono wa pili, ya dizeli, yenye mgongo mrefu uliomeza kiti kile bila kukikunja, na yenye tabo, yaani kile kifaa kinachoipulizia injini hewa kwa nguvu.

Muuzaji, daktari wa meno aliyekuwa anahama, alimwonya siku ya kulijaribu gari.

"Ukikanyaga, mzee, subiri kidogo. Halafu usishtuke."

Mkutubi alikanyaga, akasubiri, akaona hakuna kitu, akaanza kusema hivyo. Hakuimaliza sentensi. Kofia yake waliikuta kiti cha nyuma. Daktari, aliyezoea kuwaona watu wamekodoa macho na kushika kiti kwa mikono miwili, alingoja mpaka rangi imrudie usoni.

"Ndiyo hiyo tabo," akasema.

Kitabu cha mwongozo wa gari Mkutubi alikisoma jalada hadi jalada, mara mbili. Ukurasa mmoja ulieleza kwamba baada ya safari injini iachwe ingurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, tabo ipoe. Aliyaona ni maneno ya maana, akaweka kijikaratasi hapo. Jioni hiyohiyo alizima injini penye duka la vioo, akateleza mpaka uani. Kuelewa na kutii ni idara mbili, na hazina mlango wa kupitiana.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Mama Mkwe. Mlio wa simu hakuusikia, hodi hakuisikia, lakini mashine alizisikia kwa nyayo.

"Mkwe, hili gari lako linalia."

"Linalia vipi, mama?"

"Kama mtoto aliyefinywa. Ukipanda kilima tu, linalia."

"Nitaliangalia, mama."

Akaliangalia. Alilizunguka mara moja, mikono nyuma, kama anayekagua rafu. Kisha, kwa heshima zote anazostahili mama mkwe, akahitimisha moyoni kwamba bibi asiyesikia kengele ya mlangoni hawezi kusikia kilichomo ndani ya chuma.

Wiki hiyo ndipo dada yake Mama Mkwe alipopiga simu. Aliishi mji wa juu mlimani, mwendo wa saa tatu, na sasa mwanawe alikuwa akimchukua akaishi naye ng'ambo. Ndege ilikuwa Jumapili jioni. Dada hawa hawakuwa wameonana miaka minne, kwa sababu ya nyonga na kigari. Mmoja alikuwa na miaka themanini na mmoja, mwingine themanini na minne. Neno "mwisho" hakuna aliyelitamka, ila kila mtu alilikwepa mahali palepale.

"Utanifikisha?" Mama Mkwe aliuliza.

"Kabla ya saa sita, mama."

Mkutubi akikutajia saa, ni kama amekupigia muhuri.

Jumapili asubuhi alilisukuma gari nje ya ua ili mkewe asiamke, akamweka Mama Mkwe kiti cha nyuma, wakaondoka. Saa nne walikuwa katikati ya mlima. Ule mlio wa mtoto aliyefinywa uligeuka kuwa wa mtu mzima, na sasa hata Mkutubi aliusikia. Akatazama kwenye kioo, akaona barabara nyuma yake imepotea katika weupe. Alidhani ni ukungu. Ukungu ukanuka oili.

Aliinua mguu kwenye mafuta. Injini haikujali. Ilianza kupandisha kasi yenyewe, ikazidi, ikazidi. Akaegesha kando, akazungusha ufunguo. Taa zote za dashibodi zikazimika. Injini haikuzimika.

Akachomoa ufunguo, akautazama mkononi. Injini ikapandisha sauti. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha, aligeuka akamwonyesha Mama Mkwe.

"Nimelizima, mama," alisema.

Mama Mkwe aliweka kiganja chake sakafuni, kama anayempima mtoto homa.

"Inakunywa oili yake yenyewe hiyo. Mashine yangu ilifanya hivi mwaka wa mafuriko. Haizimwi kwa ufunguo. Izibe pua."

"Mama, ushuke kwanza."

"Nishuke kwa miguu ya nani? Fungua boneti. Tafuta inapovutia hewa, uzibe na kitu kigumu, kipana. Mkono usitie. Na usimame ubavuni, nisije nikakosa mkwe mimi."

Moshi ulikuwa umeifunika barabara. Kitu kigumu na kipana ndani ya gari kilikuwa kimoja: kitabu cha historia ya reli, kurasa mia saba, mali ya maktaba. Kwa miaka ishirini na saba Mkutubi alikuwa akiwaambia watu kwamba kitabu si sinia wala si mto. Alisimama nacho sekunde tatu nzima huku injini ikipiga yowe. Kisha akakibandika kwenye mdomo wa bomba la hewa.

Bomba lilikinyakua. Jalada lilipiga mlio wa mfupa unaovunjika. Gari likatikisika, likakohoa mara mbili, likafa.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha kwanza maishani ambacho Mkutubi hakukipenda.

Fundi alipanda kwa pikipiki kutoka kituo cha mafuta kilicho chini ya mlima. Alichomoa bomba, oili ikamwagika kama kwenye chupa.

"Tabo imekwisha, na injini nadhani imeifuata. Mzee, huwa unalizimaje hili gari?"

Mkutubi akamweleza: mteremko, duka la vioo, mke aliyelala. Fundi aliacha kufuta mikono.

"Injini imezimwa, na gari bado linatembea?"

"Linateleza."

"Breki ngumu, usukani mgumu. Na mama yupo ndani?"

"Kila siku."

Fundi alikaa juu ya jiwe. "Tabo inazunguka mara laki kwa dakika, mzee. Ukizima injini ghafla, oili inasimama, tabo yenyewe bado inazunguka kavukavu. Hukuambiwa?"

"Nilisoma," alisema Mkutubi.

"Nimefungua tabo nyingi zilizouliwa. Ila wauaji wote walikuwa hawajasoma."

Mama Mkwe alikuwa kwenye simu na dada yake, na kama ilivyo kwa viziwi, aliongea kwa ajili ya bonde zima. "Mkwe wangu ameua gari. Ndiyo, yule mpole. Basi pitia hapa, si ndiyo njia yenu ya uwanjani?"

Teksi iliyombeba dada ilifika saa saba na robo. Dereva alisema ana dakika kumi tu, akazima injini. Mkutubi alikuwa ameinua mlango wa nyuma na kutandika blanketi pale palipokuwa pa kiti cha magurudumu. Yeye na fundi waliwapandisha, dada wawili wakaketi mkiani mwa gari lililokufa, miguu ikining'inia.

"Umekauka," alisema dada.

"Na wewe umefura. Bado unakoroma?"

"Nitajuaje, mimi si huwa nimelala?"

Wakaanzia hapo, kwa sauti za watu waliozoea kupita juu ya mashine.

Dakika kumi zikaisha. Dereva akawasha teksi, akapiga honi. Mama Mkwe alishika kiwiko cha dada yake, asikiachie. Mkutubi akaenda dirishani, kitabu kwapani.

"Hii ina tabo?"

"Ina."

"Basi usiiondoe ikiwa baridi. Iache ingurume dakika kumi kwanza. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

Mkutubi hakuwahi kumtajia msomaji kitabu kisicho sahihi. Akainua ile historia ya reli, jalada limevunjika, kurasa zinachuruzika oili.

"Humu."

Dereva alikitazama kitabu, akaitazama stesheni wagoni iliyokuwa bado inafuka moshi, akamtazama fundi. Fundi akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama msibani.

Dereva akaondoa mkono kwenye gia.