Namba ya Mama Sanga

Mwisho wa mwaka, mimi na mwenzangu Atu, tunaotengeneza tovuti hapa Uyole, tuliwaalika wateja wetu tuwaonyeshe kazi zetu za mwaka mzima. Nilikuwa nimepania waondoke wakituamini.

Nilipofungua kwa projekta, ukutani, tovuti ya Mama Sanga, anayeuza vitunguu vya jumla Ruaha Mbuyuni, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, inapendeza. Ila tangu mnitengenezee, sijapigiwa na mteja hata mmoja."

"Mama, labda huwa unazima simu," nikamjibu mbele ya watu, kifua mbele. "Namba ipo hapa, kubwa kabisa. Atu, hebu ipige."

Atu akapiga. Mama Sanga akaitazama simu yake mkononi. Kimya. Iliyolia ilikuwa yangu, mfukoni. Niliiweka namba yangu wakati wa majaribio, nikasahau kuibadilisha.

"Kumbe ni wewe," akasema taratibu. "Wateja wangu ulikuwa unawajibuje?"

"Nilikuwa nawaambia wamekosea namba, mama. Wengine nimewafokea."

Nikavuta kompyuta, nikaanza kuibadilisha namba palepale, wote wakiangalia ukutani kila tarakimu niliyokosea.